Tunahesabu pumzi za wagonjwa kutwa nzima. Zetu nani anazihesabu? (Uzi wa manesi)

#1 MamaWaLeba

Wakuu, habari za wakati huu. Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa 14 kazini, na miaka 9 kati ya hiyo nimeitumikia leba. Uzi huu nimeuandika kwenye simu vipande vipande, vingine daladalani, vingine usiku wodi ikiwa imetulia. Mkikuta mahali pameruka mnivumilie.

Mwaka juzi tulimpoteza mama aliyetoka damu baada ya kujifungua. Sitasimulia yote. Aliyewahi kusimama pale anajua, na ambaye hajawahi simwombei. Damu tuliyoomba ilifika, yeye keshaondoka. Saa 8 usiku na dakika zake. Tukamsitiri, nikajaza karatasi, nikavua glavu, na kabla sijakausha mikono nikaitwa kitanda cha pili, kuna mama anasukuma. Haikupita robo saa nilikuwa namwambia mtu mwingine "hongera mama, wa kiume huyo". Nikatabasamu kabisa, tena tabasamu zuri.

Asubuhi nafika nyumbani, mwanangu, wakati huo darasa la pili, ananiambia kifutio chake kimepotea. Nilimfokea mpaka jirani akagonga ukuta. Kifutio cha shilingi 200.

Kulia sikulia. Wiki ikapita, ikaja ya pili, chozi halina habari. Nikajikuta nawaita watu kwa vitanda vyao: "yule wa 7 apewe dawa", "wa 3 anasumbua". Na mimi ndiye niliyekuwa nawasisitizia wanafunzi wa uuguzi kwamba mgonjwa ana jina.

Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2019 WHO iliutaja uchovu wa namna hii kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, ila haukuwekwa kama ugonjwa. Umewekwa kama jambo linaloletwa na kazi, lenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuiweka kazi mbali na moyo wako au kuibeza, na kuona huna tena unachokiweza. Mwanasaikolojia Christina Maslach wa Marekani alishatoa dodoso la kuupima tangu 1981. Nilivyosoma zile sura tatu niliona kama nimepigwa eksirei. Mimi nauita kuchakaa. Kuchoka ukilala kunaisha, kuchakaa unaamka nako.

Nije kwenye kilichonileta. Usiku mmoja nilikuwa nahesabu pumzi za mtoto mchanga. Wenzangu mnaijua shughuli: saa yako imening'inia kifuani kichwa chini, macho kwenye tumbo la mtoto, dakika nzima bila kuruka. Mchanga 30 mpaka 60, mtu mzima 12 mpaka 20. Nilipomaliza, sijui wazo lilitoka wapi, nikajihesabu mwenyewe. 24. Nimekaa kitini, sijapanda ngazi, sijakimbia. Mgonjwa mwenye 24 ningemwandika kwenye chati na ningerudi kumwangalia. Miaka yote hiyo nimehesabu maelfu ya pumzi na sikuwahi kuhesabu za kwangu hata siku moja.

Nikaanzia hapo. Niliyojifunza ni machache na hayadai mkeka, mshumaa wala ukimya ambao hospitalini haupo.

La kwanza ni kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuingiza. Shika mshipa wa mkono wako sasa hivi usikilize: ukivuta hewa mapigo yanakimbia kidogo, ukiitoa yanapungua. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayotoka kichwani na kushuka mpaka tumboni, na pumzi ni kamba mojawapo tuliyopewa ya kuivuta kwa hiari. Ingiza kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6. Hapo unapata pumzi 6 kwa dakika. Mara ya kwanza nilisikia kizunguzungu kwa sababu nilivuta kwa pupa. Taratibu, kama unapuliza uji wa mtoto.

La pili ni kunawa mikono. WHO imetupa nyakati 5 za kunawa, na bango lake lenye picha za viganja liko juu ya masinki mengi. Kitakasa ni sekunde 20 mpaka 30, maji na sabuni 40 mpaka 60. Sekunde hizo tayari ni za kazi, hakuna matroni atakayekuuliza umesimamia nini. Mimi maji yakigusa viganja nayasikiliza, ni ya baridi au vuguvugu. Vidole vikipishana naachia pumzi. Nikifika dole gumba naagana kwa jina lake na yule ninayetoka kwake, kimoyomoyo. Nikikausha namtaja ninayemwendea. Jina, siyo kitanda. Siku ambazo mabomba hayatoi maji nafanya kwa kitakasa, na siku ambazo hata kitakasa hakuna, mnisamehe, siku hizo natukana.

La tatu ni pale mtu anapofariki. Muuguzi wa dharura wa Marekani, Jonathan Bartels, wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Virginia, alianzisha kitu anachokiita kituo, kama kile cha kwenye sentensi. Baada ya kifo mtu yeyote kwenye timu, hata mhudumu wa usafi, anaweza kuwaomba wenzake wasiondoke kwanza. Anasema maneno mawili matatu: huyu alikuwa mtu, alikuwa na wake waliompenda, na sisi tumefanya tulichoweza. Kisha wanakaa kimya kama dakika moja, kila mmoja na imani yake. Basi. Hakuna hotuba. Kwetu tulizoea kusema "Bwana ametwaa" au "Inna lillahi" miguu ikiwa tayari inaelekea kitanda kingine.

Kituo hicho tumekifanya mara 4 tangu nijue habari hii. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka na daktari wa zamu akaangalia saa yake. Mara ya tatu daktari yuleyule ndiye aliyeomba.

Karibuni tuchangie. Wa matusi na wa maombi, wote.

#2 BwanaDripu

Mada nzuri na pole sana sista kwa yule mama. Ila mimi nina jipu langu hapa, acha nilitumbue.

Wodi ya wanaume, wagonjwa 40 na kitu, wengine wawili wawili kitanda kimoja, manesi wawili usiku na mmoja ana mimba ya miezi minane. Halafu mtu anakuja na projekta kutufundisha ustahimilivu. Ustahimilivu gani tena tulioubakiza? Tukipumua kwa hesabu ya 6 glavu zitaletwa? Malimbikizo yataingia? Kila nikisikia neno hilo najua kuna kitu hatupewi. Semina ya mwisho tulipewa soda moja, karanga pakiti moja na kijitabu chenye picha ya mzungu amekaa juu ya jiwe.

Sisemi wewe ni wao. Ila tuangalie tusije tukawa tunawasaidia watu kulala usingizi.

#3 Kijana_wa_Intani

Nimekaa siti ya mbele. Naomba kuuliza baadaye.

#4 MamaWaLeba

BwanaDripu, ulichosema ni kweli, sitaki kukilainisha. Kuna mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, mwaka 1984 aliandika kuhusu maadili ya uuguzi na akalipa jina hili jambo: unajua kabisa kipi ni sahihi kwa mgonjwa, lakini taasisi uliyomo haikupi njia ya kukifanya. Tuiite dhiki ya dhamira. Hiyo haiponi kwa pumzi, na anayekuambia inapona kwa pumzi ama hajawahi kushika wodi ama anauza kitu.

Lakini nikueleze pumzi ilinifanyia nini mimi. Baada ya kile kifo kulikuwa na kikao cha mapitio ya vifo vya uzazi. Huko nyuma kwenye vikao vile nilikuwa ama nafoka ama nalia. Nesi akifoka inaandikwa hana nidhamu, akilia anaambiwa akapumzike, na hoja yake inafia palepale. Safari hii nilisimama nje ya mlango, mkono kwenye mshipa, pumzi 6 za hesabu ya 4 kwa 6. Nikaingia na daftari. Damu iliombwa saa ngapi, nani alipiga simu, simu ya maabara iliita mara ngapi bila kupokewa, mfuko ulifika saa ngapi. Nilisoma kama nasoma risiti. Kimya. Mwenyekiti akauliza, "Kwa nini hamna namba ya simu ya mtu wa maabara wa zamu?" Nikajibu kwa sababu hatujawahi kupewa.

Leo namba ile imebandikwa ukutani leba, na kila mwezi inabadilishwa kufuata ratiba. Ni namba tu, najua. Benki ya damu bado ina siku zake. Ila ningefoka tusingekuwa nayo.

Na yule mzungu wa juu ya jiwe, tuliletewa na sisi. Nadhani ni kijitabu kilekile.

#5 NesiWaPwani

Assalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mwanaume, nesi, ndiyo tupo, zahanati moja huku Tanga. Hili si geni kwetu. Baada ya sala tunavuta tasbihi, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34 au 33 na ya kukamilisha. Sina tasbihi mfukoni nikiwa kazini, nahesabu kwa pingili za vidole. Kila kidole pingili 3. Unapomaliza vidole vyote 10 na dole gumba ukilihesabu 3 una 30, basi unaongeza. Nilikuwa naifanya mbiombio kama mtu anayelipa deni. Nilipoanza kuifuatisha na pumzi, neno moja kwa kila utoaji, nikagundua nilikuwa sijawahi kuimaliza hata mara moja nikiwa nayo. Mdomo ulikuwa unamaliza, mimi niko stoo natafuta sindano.

Lile la kunawa nimelipenda. Mtu wa udhu analielewa haraka.

#6 Neema_ya_Bwana

Mimi nina wasiwasi wadau. Hii si yoga kwa mlango wa nyuma? Tumeonywa kanisani kuhusu mambo ya kutafakari bila kutaja jina la Mungu. Nauliza kwa upendo.

#7 MamaWaLeba

Swali zuri dada na sitakudanganya. Yale mafunzo ya kutafakari ya wiki 8 yaliyosambaa kwenye hospitali za dunia yalianzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao dawa zilikuwa zimegonga mwamba. Naye alijifunza kwa walimu wa Kibuddha, kisha akayavua mavazi ya dini ili kila mtu aweze kuyavaa. Ukiona hayo yanakusumbua, acha. Vuta rozari yako, au kaa na mstari mmoja wa Zaburi. Kuhesabu pumzi hakuna mwenyewe, ni kazi uliyoisomea na unalipwa kuifanya.

#8 Nesi_Mstaafu

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi niliingia kazini mwaka 1979, hospitali ya misheni, enzi za kofia nyeupe na mkanda. Ripoti ya asubuhi haikuanza bila sala, hilo mnalijua. Nataka niwape lingine.

Matroni wetu alikuwa mkali, soksi yako ikishuka anakuona kutoka ng'ambo ya uwanja. Lakini usiku ukifiwa na mgonjwa, asubuhi huruhusiwi kwenda kwako. Unapita ofisini kwake. Kuna birika la chai ya rangi na tangawizi, vikombe vya bati. Unakaa. Yeye anafanya kazi zake za karatasi, hakuulizi kitu. Ukitaka kusema unasema. Usiposema unakunywa. Kikombe kikiisha anakuangalia hivi, usoni kabisa, anasema "Nenda kalale". Wakati mwingine tulikaa watatu pale hakuna aliyefungua mdomo, na bado ukitoka unasikia mgongo umenyooka.

Hakuna aliyetueleza jina la kitu kile. Alipostaafu, aliyemfuata aliona ni kupoteza muda, birika likapelekwa jikoni. Mimi ninavyowasoma hapa naona kila mtu anapumua peke yake chooni na stoo. Si vibaya. Lakini mtafute na birika.

#9 BwanaDripu

Mama shikamoo. Hiyo ya birika naiunga mkono bila masharti.

#10 Mkisii_Ughaibuni

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, nauguza huku Uingereza, zamu zetu ni saa 12 na zaidi. Mama Mstaafu amenikumbusha kitu tulicho nacho kazini. Kuna wakili wa Boston aliyeitwa Kenneth Schwartz, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Alipokuwa mgonjwa aliona kwamba vile vitendo vidogo vya ubinadamu kutoka kwa wauguzi na madaktari ndivyo vilivyomfanya avumilie, akaacha taasisi ya kulinda jambo hilo. Huku mikutano yake ilifika mwaka 2009. Mnakaa chumba kimoja, daktari bingwa, nesi, mbeba wagonjwa, karani. Kwanza mnakula. Halafu watu kama watatu wanasimulia kisa kilivyowagusa. Hakuna kutatua tatizo, hakuna kumkosoa mtu, hakuna kuandika ripoti.

Mara ya kwanza nilienda kwa ajili ya sandwichi, niseme ukweli. Mzee mmoja anayesukuma machela akasema miaka 20 amekuwa akipeleka maiti mochari na huwa anawaambia "twende basi rafiki yangu" kwenye lifti. Nililia mpaka sandwichi ikalowa.

Lakini BwanaDripu, hata huku malalamiko yako yapo. Wodi ina upungufu wa watu watatu, halafu unapata barua pepe ya kukukaribisha kupakua programu ya simu ya kutafakari. Tulicheka kwa uchungu.

#11 Kijana_wa_Intani

Sasa niulize. Mimi nikifumba macho nitulie kama mlivyosema, namwona mtoto mmoja. Miezi miwili sasa. Dozi niliipima mimi, ilikaguliwa, wakasema halikuwa kosa langu. Lakini nikitulia tu anakuja. Kwa hiyo nimeona bora nisitulie. Napiga dabo zamu, nikitoka bia mbili tatu nalala. Je, niendelee kujilazimisha?

#12 MamaWaLeba

Mdogo wangu, usijilazimishe. Na usifumbe macho.

Hili nilipaswa kuliweka kule juu, ni kosa langu. Kukaa kimya si salama kwa kila mtu kila wakati. Mwenye jambo bichi akizima kelele za nje, za ndani zinapanda. Fanya macho yakiwa wazi. Kanyaga chini kwa visigino vyote viwili usikie sakafu. Tafuta vitu 5 unavyoviona uvitaje, hata kama ni ndoo, feni, kalenda ya mwaka jana. Ukiwa na kitu cha baridi kishike. Akija yule mtoto usimfukuze wala usimfuate, rudi kwenye visigino.

Halafu miezi miwili ni mingi. Picha zikiendelea kurudi zaidi ya mwezi, usingizi umevurugika, unakwepa kila kinachokukumbusha na unatuliza kwa bia, hapo tumeshatoka kwenye habari ya pumzi. Nenda kitengo cha afya ya akili. Kama unaogopa kuonekana hapo unapofanyia kazi, nenda hospitali nyingine, wewe ni mgonjwa kama wengine na una haki ya faili lako kuwa siri. Daktari Albert Wu wa Marekani mwaka 2000 aliandika kwamba kosa la kitabibu likitokea kuna majeruhi wa pili, naye ni aliyemhudumia mgonjwa. Na wewe hata kosa huna, wamekukagua.

Nimekutumia ujumbe pembeni. Nijibu hata kwa nukta.

#13 Nesi_Mstaafu

Kijana, na mimi niandikie. Birika ninalo.

#14 Kijana_wa_Intani

Nimewajibu wote wawili. Asanteni.

#15 NesiWaPwani

Sista MamaWaLeba, hukutuambia habari ya kifutio iliishaje.

#16 MamaWaLeba

Ah, mmekumbuka. Nilinunua viwili. Nilimwomba msamaha siku ya pili yake, akaniambia "sawa" kwa ile sauti ya mtoto ambaye bado anakuangalia mikono.

Siku hizi nikishuka kituoni siendi moja kwa moja. Kuna benchi la fundi viatu, nanunua maji, nakaa kama dakika 5. Naangalia tu, mtu anapiga kiwi, kuku wanapita, bodaboda wanagombania abiria. Nikifika mlangoni viatu vya kazi vinabaki nje. Mwanangu ameshajua. Akiniona nimesimama pale navua anauliza kutoka ndani, "Mama, umeshatua?" Nikisema bado, ananiacha. Nikisema nimetua, ndiyo zinaanza hesabu za kugawanya.

#17 BwanaDripu

Wakuu, msinicheke. Jana naiti, saa 10 kasoro alfajiri, nilijihesabu. 22.

Msimamo wangu kuhusu semina uko palepale. Ila sista, ile namba ya mtu wa maabara mmeibandika kwa kutumia nini? Yetu tuliandika kwenye karatasi, wiki moja mvuke wa sterilaiza ukaifuta.

#18 MamaWaLeba

Kalamu ya maka nyeusi, halafu juu yake pitisha plasta ya kanula ile inayoonyesha. Selotepu haishiki ukuta wenye rangi ya mafuta.